“Mwalimu, atachukua muda gani kuwa mzuri?” Dhana potofu kuhusu kujifunza sataranji

Jumamosi iliyopita, kabla sijamaliza kupanga kete mezani, mama mmoja alinisogelea na swali ninaloulizwa karibu kila wiki: “Mwalimu, huyu atachukua muda gani mpaka awe mzuri?” Mwanawe alikuwa amehudhuria vipindi viwili. Nikamwuliza, mzuri wa kiasi gani? Akajibu, “Mzuri tu, kama wale ninaowaona kwenye simu.”

Nafundisha sataranji hapa Dar es Salaam, watoto na watu wazima, na swali hili halinisumbui. Mzazi anayelipa nauli na ada ana haki ya kuuliza. Kinachonichosha ni imani zinazokuja nalo, hasa moja. Nianze na hiyo.

“Nacheza kila siku, kwa hiyo napanda”

Kijana mmoja, karani wa ofisi Posta, hupanda mwendokasi Kimara kila asubuhi. Akipata kiti anafungua simu na kucheza gemu za dakika tatu mpaka Kivukoni. Jioni hivyo hivyo. Alipokuja kwangu alikuwa na gemu zaidi ya 6,000, na retingi yake, yaani pointi zinazopima uwezo wa mchezaji, ilikuwa haijasogea kwa miaka miwili. “Kocha,” akaniambia, “nadhani nimefika mwisho wa uwezo wangu.”

Nilimwambia tufungue gemu kumi za mwisho alizofungwa. Tukaweka ubao mezani, tukazirudia moja baada ya nyingine, taratibu. Katika saba kati ya hizo kumi alikuwa ametoa kete ya bure, yaani ameiacha iliwe bila kupata chochote. Wapinzani wake hawakuwa mafundi wala hawakumtegea mtego wowote wa ajabu. Mpinzani anasogeza farasi, farasi anatishia kitu, na yeye anaendelea na mpango wake kama vile upande wa pili hakuna mtu. Katika gemu ya nne, farasi mweusi alitoka mraba wa b4 akatua c2, akampa mfalme wa e1 cheki (yaani akamtishia) na papo hapo akaishika ngome ya a1. Katika gemu ya sita farasi alitokea d4, akatua c2 ile ile, akala ngome ile ile. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Hii naijua.” Aliijua kweli. Katika gemu 6,000 ameliwa ngome hiyo mara ngapi, hawezi kukuambia, kwa sababu hakuwahi kurudi kutazama hata moja. Gemu ikiisha, kidole kinabonyeza kuanza nyingine.

Ukirudia kosa mara elfu, unalizoea. Mkono unalifanya wenyewe, haraka zaidi kuliko ulivyolifanya mwaka wa kwanza. Nenda kijiwe chochote cha drafti Magomeni au Temeke, pale wanapocheza kwa vizibo vya soda. Utawakuta watu waliocheza miaka ishirini na bado wanaliwa kete tatu kwa njia ile ile waliyoliwa walipoanza. Pembeni yao kuna fundi mmoja ambaye wote wanamwogopa. Mchunguze huyo. Anatazama gemu za wenzake akiwa kimya, na watu wakiondoka anapanga ubao upya na kuirudia ile aliyofungwa mchana. Miaka yao ni sawa, lakini mmoja tu ndiye aliyerudi kutazama.

Kuna wanaonijia na hesabu ya saa elfu kumi, kwamba ukizimaliza umekuwa bingwa. Namba hiyo imetokana na utafiti wa Anders Ericsson na wenzake uliochapishwa mwaka 1993 kuhusu wapiga fidla wa Berlin. Ilikuwa wastani wa mazoezi ya wale bora walipofikia umri wa miaka 20, na hakuna aliyeahidi kwamba kila atakayezimaliza atafika. Kwa sataranji yenyewe tuna utafiti wa Fernand Gobet na Guillermo Campitelli wa mwaka 2007, uliofanywa kwa wachezaji wa Argentina. Waliofikia kiwango cha masta, yaani mchezaji wa ngazi ya juu, walitumia wastani wa saa 11,000 hivi. Lakini tazama tofauti zao: wa haraka kuliko wote alihitaji saa 3,000 tu na kidogo, na wa polepole kuliko wote alizidi 23,000. Wengine walizidi wastani ule bila kuufikia umasta kabisa. Tofauti ya karibu mara nane! Mtu akikuambia “saa kadhaa na umefika,” muulize ni saa za kufanya nini.

Kwa hiyo nilimnyang'anya yule karani gemu za dakika tatu na kumpa kauntabuku. Hili nalisisitiza kwa kila mwanafunzi na sitaacha. Cheza gemu mbili tu kwa wiki, za dakika 30 kila upande, na uandike hatua zote. Ukifungwa, kaa chini siku hiyo hiyo, uchore safu tatu: nilicheza nini, nilikuwa nafikiri nini, na mwenzangu alikuwa anataka nini. Safu ya tatu ndiyo dawa. Wengi wanaiacha tupu wiki za mwanzo, kwa sababu hawakuwahi kujiuliza. Injini ya kompyuta, yaani programu inayochambua gemu, usiiguse mpaka umalize kuandika. Injini itakuonyesha hatua iliyo bora kwa sekunde moja, lakini haitakuambia kichwa chako kilikuwa wapi ulipoikosa.

Na kabla ya kugusa kete yoyote, maswali matatu. Hatua ya mwisho ya mpinzani inatishia nini? Kete yangu ipi haina mlinzi? Nikicheza ninachotaka, ataweza kunipa cheki au kunila nini? Pamoja na hayo, dakika 20 za mafumbo ya sataranji kila siku, na hizo ndizo za kufanyia kwenye mwendokasi. Baada ya miezi mitano kijana alikuwa amepanda pointi 200. Kwa hesabu ya retingi aliyoibuni Arpad Elo, ambayo shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, linaitumia tangu 1970, anayekuzidi pointi 200 anatarajiwa kupata alama 76 katika gemu 100 mtakazocheza (ushindi ni alama moja, sare nusu). Maana yake karani wa leo angepata alama kama tatu katika kila gemu nne dhidi ya karani wa miezi mitano iliyopita, na amecheza gemu chache mno kuliko alizokuwa akicheza kwa wiki mbili za zamani.

“Kwanza nikariri ufunguzi”

Hii inashika nafasi ya pili kwa kunikera. Mtoto anakuja anajua majina kumi na mawili ya ufunguzi, yaani mipango ya hatua za mwanzo wa gemu, aliyoyapata kwenye video, na ule mtego wa kumfunga mtu kwa hatua nne, malkia na askofu wakiuvizia mraba wa f7. Anawafunga wenzake darasani wiki mbili. Wiki ya tatu wenzake wamejua kuuzuia, na malkia wake aliyetoka mapema anafukuzwa huku na kule na farasi na askari. Sasa amekariri hatua nane za mwanzo, na mpinzani akicheza kitu kingine kwenye hatua ya tano hajui la kufanya.

Mimi naanzia mwisho wa gemu, kama alivyoshauri José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927. Ondoa kila kitu ubaoni. Weka mfalme mweupe e5, askari wake e4, mfalme mweusi e7. Ikiwa ni zamu ya mweusi, mweupe anashinda. Ikiwa ni zamu ya mweupe, ni sare. Kete tatu tu, na matokeo yote yanategemea zamu ni ya nani! Mpe mtoto ubao huo nusu saa, acheze pande zote mbili, na atajifunza subira na kuhesabu zamu kuliko video yoyote ya mitego. Nimeona watu wazima waliocheza miaka sita wakiugeuza ushindi huu kuwa sare kwa kumsukuma askari mbele wakati mfalme ndiye aliyepaswa kutangulia.

“Ana akili za hesabu, ataweza haraka”

Mwaka 1973 watafiti William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji ubao wa gemu halisi kwa sekunde tano, kisha wakawaambia waupange upya kwa kukumbuka. Masta alizirudisha kete nyingi mno kumpita mwanafunzi. Walipozimwaga kete ovyo, bila mpangilio wa gemu yoyote, tofauti ile ikakaribia kutoweka. Kwa hiyo kumbukumbu ya masta ni ya maumbo aliyoyaona na kuyaelewa mara nyingi, kama unavyoitambua sura ya jirani yako. Maumbo hayo yanajengwa. Mtoto mwenye alama za wastani darasani anayaandika kwenye kauntabuku sawasawa na mwenye alama za juu.

Na hapo hapo, hakuna anayeona hatua ishirini mbele kila mara. Adriaan de Groot alilichunguza hilo huko Uholanzi tangu miaka ya 1940, na grandmasta, wenye taji la juu kabisa la sataranji, hawakuwa wakitazama mbele sana kuliko wachezaji wazuri wa kawaida. Walikuwa wanaiona hatua nzuri mapema zaidi.

“Kachelewa, ana miaka kumi na mbili”

Kachelewa nini? Ni kweli Gukesh wa India alianza akiwa na miaka 7 na akawa bingwa wa dunia mwaka 2024 akiwa na miaka 18. Kama lengo ni hilo, umri wa kuanza una uzito, sitadanganya. Lakini wazazi wengi hawaulizi hilo, wanauliza uzuri wa kawaida, na huo hauna umri. Wanafunzi wangu wazima wanachokosa ni muda, na moyo wa kufungwa na mtoto wa darasa la nne mbele za watu. Wakivumilia kipindi hicho wanapanda vizuri tu.

Basi, muda gani?

Nawajibu hivi, kwa niliyoyaona darasani. Jinsi kete zinavyotembea: mchana mmoja. Kuacha kutoa kete za bure: miezi sita mpaka mwaka, ukiandika gemu zako. Usipoandika, siwezi kukupa tarehe. Kuwafunga karibu wote ofisini au mtaani kwako: miaka miwili mpaka mitatu. Kuingia mashindano na kusimama imara mbele ya wachezaji wenye retingi za FIDE: jihesabie mitano, na ucheze gemu ndefu nyingi. Taji la grandmasta linadai retingi ya 2500 na normi tatu, yaani matokeo ya kiwango hicho katika mashindano, na kusini mwa Sahara wa kwanza kulipata alikuwa Mzambia Amon Simutowe, mwaka 2009. Mzazi anayenitajia taji hilo baada ya vipindi viwili namwomba tulizungumze mtoto akishamaliza kauntabuku ya kwanza.

Yule mama nilimwambia mambo mawili. Jumamosi ijayo mwanawe aje na kauntabuku na kalamu, na simu ibaki nyumbani. Akauliza, “Na mwalimu, nikicheza naye nyumbani itasaidia?” Nikamwambia itasaidia sana, ila kila mwanawe anapotaka kusogeza kete, amuulize kwanza: “Mimi hapa nataka kukufanyia nini?”