Je, wajua kwa nini mfuko wa chakula haujimeng'enyi wenyewe?

Ngamiani, hapa Tanga, shangazi yangu hukaanga mihogo kila jioni. Pembeni ya karai huweka bakuli la pilipili mbuzi aliyoisaga na embe bichi, chumvi na ndimu. Siku moja alikuja mteja wake wa siku nyingi, mpakizi wa mizigo.

"Shikamoo mama. Nifungie ya mia tano, ila pilipili usinitie. Vidonda vya tumbo vinanitesa."

"Marahaba mwanangu. Pole."

Akingoja mihogo yake, akatoa mfukoni mwa shati pakiti ya diklofenaki, dawa ya maumivu, vidonge vinne vimeshatobolewa. Akameza cha tano. "Hiki cha mgongo," akasema.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, na moyo uliniuma. Kile alichokikataa na kile alichokimeza vyote vinagusa ulinzi uleule wa tumbo, lakini kwa namna ambayo wengi wetu hatukuitegemea.

Tuanze na fumbo lenyewe. Ukinywa supu ya utumbo asubuhi, mfuko wako wa chakula unaumeng'enya ule wa mbuzi bila shida. Majimaji yake yana asidi kali: kwenye kipimo ambacho maji safi ni 7, yenyewe hushuka hadi 1 au 2, ukali wa ndimu na kuzidi. Basi kwa nini mfuko usijile wenyewe?

Kinga ya kwanza ni ute mzito unaotanda ndani, uliochanganyika na bikaboneti, jamii moja na magadi tunayotia kwenye maharage. Inaizima asidi kabla haijafika kwenye nyama. Chini ya ute kuna seli zinazobadilishwa kwa mpya kila baada ya siku chache. Chini zaidi kuna damu, na hapo ndipo habari inaponoga.

Katikati ya mishipa ya damu zimetawanyika ncha za neva za hisia. Asidi ikipenya ute, ncha hizo huistukia na kumwaga peptidi iitwayo CGRP, mnyororo mdogo wa asidi amino 37, yaani vijenzi vya protini. Mishipa ya damu inatanuka na damu inafurika mahali palepale. Asidi iliyopenya inachukuliwa na kuzimwa, na bikaboneti zaidi inaletwa.

CGRP haiko peke yake. Zipo peptidi nyingi zinazotumika tumboni na pia kichwani, kama tarishi mwenye ofisi mbili. Grelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999 na Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, hutengenezwa hasa kwenye mfuko wa chakula, kisha huujulisha ubongo kwamba njaa imefika. Panya waliopewa grelini kabla ya kunyweshwa pombe kali waliumia tumbo kidogo kuliko wenzao. Neva za hisia zilipozimwa kwanza, kinga hiyo ilipungua sana. Kolesistokinini nayo, inayotolewa na utumbo mwembamba tukila mafuta, imeonekana kuwakinga panya kwa kupitia neva hizohizo.

Inayonishangaza kuliko zote ni TRH, yenye asidi amino 3 tu. Ikiingizwa kidogo sana kwenye ubongo wa panya, amri hushuka kwa neva ya vagasi, neva ndefu inayounganisha kichwa na tumbo, na ukuta wa mfuko unalindwa. Ikiingizwa nyingi, amri hupita njia ileile, asidi inamwagika kwa wingi na vidonda vinatokea. Kwa hiyo bibi anaposema mawazo yamemshukia tumboni, njia anayoitaja ipo kweli mwilini.

Sasa pilipili. Ukali wake unatokana na kapsaisini, ambayo huziamsha neva zilezile za hisia. Mlango inaogusa kwenye neva uligunduliwa mwaka 1997 na kundi la David Julius wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Lakini tangu 1981 watafiti wa Hungaria, János Szolcsányi na Loránd Barthó, walikuwa wameonyesha kwamba kapsaisini kidogo hulikinga tumbo la panya. Singapore mwaka 1995, watu 18 wenye afya walikunywa gramu 20 za unga wa pilipili kabla ya aspirini, na matumbo yao yakaumia kidogo kuliko walipoinywa aspirini bila pilipili.

Asiniletee mtu habari ya kujitibu kwa pilipili. Watu 18 ni wachache, na sehemu kubwa ya ushahidi wa peptidi hizi imetoka kwa panya. Tena neva hizo ndizo zinazopeleka maumivu, kwa hiyo mwenye kidonda kilichokwisha kuchimbika anaweza kuungua vibaya. Ikizidi sana, kapsaisini huzichosha neva hadi zikaacha kulinda.

Wanaochimba vidonda hasa ni wawili. Wa kwanza ni bakteria Helicobacter pylori, aliyefichuliwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, wakapewa Nobel mwaka 2005. Hutibika kwa antibayotiki pamoja na dawa za kupunguza asidi. Wa pili ni dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Hizi huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, ambazo ndizo zinazochochea ute, bikaboneti na mtiririko wa damu. Ukuta unabaki uchi.

Nilimweleza yule kaka hivyohivyo, kwa maneno machache kuliko haya, nikamsihi aende hospitali akapimwe bakteria, na amwambie daktari kuhusu mgongo ili abadilishiwe dawa. Nikamuuliza pia kama choo chake kimewahi kuwa cheusi kama lami, maana hiyo ni damu na haisubiri kesho. Akasema hapana. Akaitazama ile pakiti, akairudisha mfukoni.

"Kwa hiyo mama, si pilipili?" akamuuliza shangazi.

"Mimi nakaanga mihogo tu, mwanangu," shangazi akamjibu, akimkabidhi gazeti la moto lisilo na pilipili. "Kesho kapimwe kwanza."