Mkulima wa Big Sandy aliyepitia bodi ya shule

Katika kazi yangu ya kufuatilia mabunge ya majimbo ya Marekani, nikitaka kumjua mbunge wa kijijini sianzi na hotuba zake. Nauliza: kabla hajaomba kura, alikaa kwenye kamati gani, kwa miaka mingapi?

Mfano ninaoupenda ni Jon Tester wa Montana. Wengi mlimsikia alipokuwa seneta kule Washington, 2007 hadi Januari 2025. Mimi hunivutia zaidi miaka ya nyuma, alipokuwa tu mtu wa Big Sandy, mji wa watu wapatao 600 kaskazini mwa jimbo hilo. Shamba analolima lilianzishwa na babu na bibi yake mwaka 1912. Familia ilikuwa na bucha pia, na akiwa na miaka 9 mashine ya kusaga nyama ilimkata vidole vitatu vya kati vya mkono wa kushoto. Akapiga tarumbeta, maana vitufe vyake hubonyezwa kwa mkono wa kulia. Akasomea muziki chuoni, akahitimu 1978, akarudi kufundisha watoto wa mji uleule huku akilima na kuchinja.

Kwangu mimi kiini kiko hapo. Mwalimu wa mwanao ndiye anayekuchinjia ng'ombe wako. Ukiwa na neno naye, unamkuta buchani.

Alikaa pia karibu miaka kumi kwenye bodi ya shule, akawa mwenyekiti. Wajumbe wa bodi hizo huchaguliwa kwa kura, nao ndio hupitisha bajeti ya shule na kuajiri walimu. Fedha nyingine hutoka kwenye kodi ya ardhi na nyumba, kwa hiyo kila uamuzi unaufikia mfuko wa jirani. Sijaona darasa la siasa linalolizidi hilo.

Mwaka 1997 Bunge la Montana lilipitisha sheria ya kulegeza udhibiti wa soko la umeme. Tester alichukizwa nayo, akagombea Seneti ya jimbo, moja ya mabaraza mawili ya Bunge hilo, mwaka 1998, akashinda. Kufikia 2005 alikuwa Rais wa Seneti hiyo, na mwaka huohuo akasimamia sheria iliyozitaka kampuni za umeme zipate asilimia 15 ya umeme wao kutoka vyanzo jadidifu, yaani visivyokwisha kama upepo, ifikapo 2015. Kwa nyanda zile upepo ni mali, na sheria yenyewe ilibeba uchumi wa vijijini hata kwenye jina lake.

Jambo moja wasomaji wangu huniuliza sana: alilima saa ngapi? Bunge la Montana hukutana kila baada ya miaka miwili, kikao kisichozidi siku 90 za kazi. Huanza Januari, ardhi imeganda. Wabunge wanapotawanyika, mwishoni mwa Aprili au hapo karibu, ngano ya masika inasubiri kupandwa.