Tetemeko la 4 si mara mbili ya la 2

Ardhi ikitikisika Goma, ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: eti tetemeko lenye ukubwa wa 4 kwenye kipimo cha matetemeko lina nguvu mara mbili ya lile la 2. Si kweli. Namba hizi hazihesabiwi kama kilo za unga. Ukipanda ngazi moja, mtikisiko unaonaswa na mashine huongezeka mara 10, na nishati takriban mara 32. Fungua kikokotoo cha simu: kutoka 2 hadi 4 ni ngazi mbili, hivyo mtikisiko ni 10 mara 10, yaani mara 100; nishati ni 32 mara 32, yaani zaidi kidogo ya mara 1,000. Watu huchanganyikiwa, na si ajabu: tetemeko dogo la karibu huangusha sahani kabatini, kubwa la mbali likapita bila kusikika. Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.