Je, wajua? Hakuna ofisi duniani inayotoa leseni ya kimataifa ya uvuvi

Kwa muda mrefu niliamini kwamba meli ikitaka kuvua katikati ya bahari, mbali na nchi yoyote, huomba leseni kwa chombo fulani cha kimataifa. Nilidhani chombo hicho ni FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa kuwa hutajwa kila samaki wanapozungumziwa. Nilikosea kabisa. FAO haitoi leseni ya kuvua hata dagaa mmoja. Umoja wa Mataifa nao hautoi, na hakuna mwingine juu yao anayetoa. Ukikutana na mtu anayekuuzia "leseni ya kimataifa ya uvuvi" itakayokubalika bahari zote, anakuuzia karatasi isiyo na nguvu ya sheria popote.

Kosa hili lina mizizi. Mmoja ni kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho kipo kweli, na mtu hudhani uvuvi nao una chake. Lakini hata kibali hicho hutolewa katika nchi ya dereva mwenyewe, na kazi yake kubwa ni kutafsiri leseni aliyonayo tayari.

Mzizi wa pili umo katika maneno yetu. Tunaita "bahari kuu" maji yote ya kina kirefu, ilhali sheria inayakata vipande. Kutoka pwani hadi maili 12 za baharini ni maji ya kitaifa. Kutoka hapo hadi maili 200, yaani kama kilomita 370, ni ukanda wa kiuchumi, ambako haki ya samaki ni ya nchi ya pwani (pale ambapo jirani yuko karibu, ukanda huwa mwembamba zaidi). Nje ya hapo ndipo maji ya kimataifa yanapoanza. Mgawanyo huu umo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ulioanza kutumika 1994. Kwa hiyo mtu akitaja leseni ya bahari kuu, swali la kwanza ni moja: ndani ya maili 200 au nje? Jibu hilo ndilo linaloamua ni mlango gani wa kubisha.

Ndani ya ukanda, mlango ni wa nchi ya pwani. Nje yake, mkataba unasema uvuvi ni huru, na hapo ndipo wengi husoma vibaya kwa mara ya pili, wakaelewa kwamba basi hakuna kibali. Uhuru ule umepewa nchi, kwa ajili ya raia wake. Mwenye meli hakupewa moja kwa moja. Anaufikia kwa kupitia nchi ambayo bendera yake inapepea kwenye mlingoti wake.

Mfano unaonisaidia ni wa mdhamini wa mkopo. Mkopeshaji hakujui, lakini anamjua mdhamini wako, anajua pa kumpata na cha kumdai. Ukikwama, anakwenda kwake. Baharini nako hakuna polisi wa dunia. Meli za nchi nyingine zikikutana na yako, haziwezi kujua wewe ni nani, ila zinaona bendera na kujua ni serikali ipi ya kuuliza. Na kama mdhamini mwenye busara, nchi ya bendera haitii sahihi tupu: inaandika ni eneo gani, samaki gani, zana gani, mpaka tarehe gani. Makubaliano ya FAO ya mwaka 1993, yaliyoanza kutumika 2003, yanaibana nchi ihakikishe meli yake haivui kwenye maji ya kimataifa bila idhini yake. Makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1995 kuhusu samaki wanaohama yanaongeza kwamba isiidhinishe meli ambayo haiwezi kuisimamia. Mfano wangu unafika mwisho hapa: mdhamini wa mkopo hulipa deni lote, ilhali nchi ya bendera hudaiwa juhudi ya kusimamia, na jambo hilo nitalirudia.

Mengine yanafuata kwa haraka. Meli isajiliwe, na iwe na bendera moja tu. Ikibadilisha bendera kadiri inavyoifaa, inaweza kuhesabiwa haina utaifa. Ikiwa inafuata jodari katika Bahari ya Hindi, iwe kwenye orodha ya meli zilizoidhinishwa ya tume ya kikanda, IOTC. Bahari ya Atlantiki ina ICCAT, na maji ya kusini kuzunguka Antaktika yana CCAMLR. Jina hupelekwa huko na serikali. Nahodha hawezi kujiandikisha mwenyewe. Kwa kawaida kuna pia kifaa cha setilaiti kinachoonyesha meli ilipo, daftari la mavuno, na mahali pengine mwangalizi ndani ya meli. Mwisho ni bandari. Chini ya makubaliano yaliyoanza kutumika 2016, meli ya kigeni huomba ruhusa kabla ya kuingia na hutaja idhini ilizo nazo. Bandari inaweza kuikatalia.

Kinachonivutia kuliko vyote ni namba. Meli kubwa za uvuvi hupewa namba ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari) yenye tarakimu saba, na namba hiyo haibadiliki hata meli ikiuzwa, ikipakwa rangi mpya na kupewa jina jingine. Inajikagua yenyewe. Chukua 6905408. Zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mpangilio huo: 42, 54, 0, 20, 12 na 0. Jumla ni 128. Tarakimu ya mwisho ya jumla ni 8, na ya saba kwenye namba ni 8. Anayebuni namba bila kujua hesabu hii mara nyingi hunaswa kwa kalamu tu.

Namba hiyo ilikuwa ya meli iliyoitwa Thunder, na kabla ya hapo Kuko na Wuhan N4, miongoni mwa majina mengine. CCAMLR iliiweka kwenye orodha ya meli haramu mwaka 2006. Desemba 2014 meli ya shirika la uhifadhi la Sea Shepherd iliikuta katika maji ya kusini, ikaifuata kwa siku 110. Waliofuata hawakuwa na mamlaka ya kuikamata. Bendera ilikuwa ya Nigeria, na ufukuzaji ukiwa bado unaendelea Nigeria iliiondoa kwenye daftari lake. Hapo Thunder ikabaki bila mdhamini. Tarehe 6 Aprili 2015 ilizama karibu na São Tomé. Mabaharia wote waliokolewa na hao hao waliokuwa wakiifuata, kisha nahodha na mafundi wawili wa mitambo wakahukumiwa na mahakama ya huko.

Siku nne kabla ya kuzama, Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg ilitoa maoni yaliyoombwa na tume ya uvuvi ya nchi saba za Afrika Magharibi. Swali mojawapo lilikuwa hili: meli ikivua kiharamu katika ukanda wa nchi nyingine, nchi ya bendera inawajibika? Mahakama ilijibu kwamba inawajibika ikiwa haikufanya bidii ipasayo kuizuia. Ikiwa ilichukua hatua zote zilizohitajika na meli bado ikaiba samaki, kosa si lake. Bidii ipasayo ni kiasi gani, hakuna kipimo kimoja kilichowekwa, na mkataba wa 1982 nao unadai "uhusiano wa kweli" kati ya meli na bendera yake bila kufafanua uhusiano huo ni upi. Bendera za kukodi, zinazosajili meli ambazo mmiliki wake na mabaharia wake hawana mguu nchini humo, zinapita katika pengo hilo mpaka leo.