Vidole Vinapokufa Ganzi Mtoni: Kuilinda Mikono ya Mvuvi wa Trauti Wakati wa Baridi na Mvua

Mvuvi anayesimama ndani ya mto Gura mwezi wa Julai, manyunyu yakimwangukia na ukungu ukiwa umeufunika msitu wa milima ya Aberdare nchini Kenya, hana haja ya kuelezwa kwamba hata karibu na ikweta baridi ipo. Trauti mwenyewe ni mgeni katika mito hiyo. Aliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, akastawi kwa sababu maji ya milimani ni baridi kama anavyoyataka yeye. Maji yanayomfaa samaki huyo hayaifai mikono ya binadamu. Hewa nayo hupoa kwa takriban nyuzi joto 6 kila unapopanda mita 1,000, ndiyo maana mtu aliyeondoka Nyeri mjini asubuhi akiwa na shati na sweta jepesi huweza kujikuta, baada ya saa moja tu mtoni, ameshindwa kufunga fundo la ndoano alilolifunga mara elfu.

Sisi tunaoshughulikia afya kazini huulizwa sana ni glavu zipi zinunuliwe. Swali hilo lina maana, lakini si la kwanza, kwa kuwa joto la vidole halitoki kwenye glavu, linatoka kifuani. Vidole havina misuli ya kuzalisha joto la kutosha, na kwa kuwa ni vyembamba, ngozi inayopoteza joto ni kubwa ukiilinganisha na nyama iliyo ndani. Hutegemea damu inayotoka kwenye kiwiliwili. Kiwiliwili kikianza kupoa, mwili hubana mishipa midogo ya damu ya mikononi na miguuni ili moyo, mapafu na ubongo visipungukiwe na joto, na kuanzia hapo glavu, hata ziwe za bei gani, zinafunika kitu ambacho hakipashwi tena. Kwa hiyo mvuvi anayetaka vidole vyenye joto na aanze na fulana ya sufu, koti la mvua lisilopenyeza maji, kofia inayofunika masikio, na kifungua kinywa cha kushiba. Fulana ya pamba haifai: ikilowa hushikilia maji kwenye ngozi siku nzima, ilhali sufu hubakiza sehemu ya joto lake hata ikiwa mbichi.

Adui wa pili ni maji yenyewe. Maji hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa kwa takriban mara 25, na mkono uliolowa ukipigwa na upepo huendelea kupoa kadiri unyevu unavyokauka. Hapa ningependa wasomaji waangalie jambo dogo ambalo wengi hawalitambui. Kila mara mvuvi anapoinua ufito, maji yaliyoshikwa na mshipi huteremka hadi kwenye kiganja, yakapita kwenye kifundo cha mkono na kuingia ndani ya mkono wa koti. Sweta likishalowa kwenye kifundo, mshipa wa damu unaopita hapo karibu kabisa na ngozi hupozwa kabla damu haijafika vidoleni. Koti lenye mikono inayokazwa vizuri kifundoni, au hata ukanda wa mpira uliofungwa juu ya mkono wa koti bila kubana, humsaidia mvuvi kuliko wengi wanavyodhani.

Kuhusu glavu zenyewe, mtu asiye na uwezo wa kununua zile za wavuvi zilizotengenezwa kwa mpira mzito anaweza kuvaa glavu nyembamba za sufu, kisha juu yake za mpira za kuoshea vyombo, zilizo kubwa kiasi cha kutobana. Glavu inayobana huzuia damu, na hivyo huleta baridi ile ile iliyokusudiwa kuzuiwa. Jasho litazilowesha zile za ndani baada ya saa chache, kwa hiyo jozi ya pili iliyo kavu, ndani ya mfuko wa nailoni, ni sehemu ya vifaa vya uvuvi kama zilivyo ndoano.

Kazi inayoiumiza mikono kuliko zote ni kumshika samaki. Anayekusudia kumrudisha trauti mtoni hulazimika kulowesha kiganja kwanza, kwa kuwa mkono mkavu humwondolea samaki ute unaomkinga na magonjwa, na sitamshauri mtu yeyote auache utaratibu huo ili apate joto. Linalowezekana ni kupunguza muda: samaki abaki ndani ya wavu majini, mvuvi aloweshe mkono mmoja tu, ndoano itolewe kwa koleo ndogo, kisha mkono ukaushwe papo hapo kwa taulo dogo linalowekwa ndani ya koti, si lile linaloning'inia mkandani likinyeshewa.

Pombe haipashi joto. Huitanua mishipa ya ngozi, mtu akahisi vuguvugu huku joto la mwili likimtoka. Sigara nayo huibana mishipa ya vidole. Chai ya moto yenye sukari ni bora kuliko vyote viwili.

Kipimo rahisi cha hatari ni hiki: gusisha ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole kidogo cha mkono huo huo. Ukishindwa, acha kuvua, kwa sababu mkono uliofikia hapo hauhisi ndoano inapozama nyamani wala kisu kinapoteleza. Weka mikono kwapani chini ya nguo, au izungushe kwa nguvu begani ili damu isukumwe vidoleni. Usiisugue, na usiinyooshe karibu na moto, kwa kuwa ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Maji ya vuguvugu yanafaa, mradi yapimwe na mtu mwingine ambaye mikono yake ina hisia. Maumivu ya kuchoma wakati joto linaporudi ni ya kawaida.

Nasisitiza jambo moja kwa wanaolala kambini. Jiko la makaa lisiingizwe ndani ya hema, hata kwa dakika chache za kupasha mikono na hata kama makaa hayatoi moshi. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na anayeivuta husinzia kabla hajashuku chochote.

Mtu ambaye vidole vyake hugeuka vyeupe kabisa, kisha vya samawati, hata kwa baridi ndogo, huenda ana hali iliyoelezwa na daktari Mfaransa Maurice Raynaud mwaka 1862, na amwone daktari kabla ya kwenda tena mtoni. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye kisukari aliyepungukiwa na hisia mikononi, na kwa anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Na mwenzako akiacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, akaanza kuongea kwa kukokota maneno, tatizo halimo tena mikononi: mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mfunike, na utafute gari la kumfikisha hospitalini.