Kamera nzito si lazima iwe imara

Juzi kijana mmoja alisimama mbele ya meza yangu, kamera moja ya filamu kila mkono, anazipima kama anayechagua nanasi sokoni. "Fundi, hii ndiyo chuma chenyewe," akasema, akaishika ile nzito. Shata yake, yaani mapazia yanayofunguka na kufunga ili mwanga ufikie filamu, ilikuwa imekwama. Nyepesi aliyoirudisha mezani ilikuwa Olympus OM-1, nzima kwa spidi zote.

Maneno hayo nayasikia kila wiki, na yanawatia watu hasara. OM-1 aliyoibuni Yoshihisa Maitani ilitoka mwaka 1972, na bila lenzi ina gramu 510 tu. Kwenye udogo huo Maitani amehamishia spidi za shata kwenye pete inayozunguka mdomo wa lenzi, kwa hiyo mkono wa kushoto unabadilisha spidi bila jicho kutoka kwenye dirisha la kuchungulia. Ndani ameweka kizuizi cha hewa kinachopunguza kishindo cha kioo cha ndani kinapopanda wakati wa kupiga. Nikon FM2 ya 1982 nayo ina gramu 540, na shata yake ya chuma inafika 1/4000 ya sekunde. Sasa wepesi una kosa gani?

Isitoshe, wengi wanaoniambia habari za chuma wameshika Canon AE-1. Kifuniko chake cha juu ni plastiki iliyofanywa ionekane kama chuma, tangu ilipotoka mwaka 1976. Wala si aibu. Kifuniko cha shaba kamera ikianguka kinabonyea na kubaki hivyo hivyo. Nimefungua zilizobonyea mpaka mkono wa kuvutia filamu unakwaruza. Plastiki hurudi ilivyokuwa, au hupasuka. Kila moja ina ugonjwa wake.

Kinachoua kamera hizi ni grisi iliyokauka, sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma zinazogeuka kama lami, na kwetu huku pwani, fangasi kwenye lenzi. Hakuna hata kimoja unachoweza kukipima kwa kiganja. Kabla hujalipa, fungua mlango wa nyuma, toa lenzi, weka spidi ya sekunde 1, fyatua na usikilize: mlio uende sawa mpaka mwisho bila kusita. Kisha weka 1/1000 ya sekunde, elekeza kamera kwenye anga jeupe, fyatua huku ukichungulia kwa nyuma. Upande mmoja ukiwa na giza, mapazia ya shata hayaendi pamoja. Na ukishainunua, usiihifadhi kwenye mfuko wake wa ngozi. Ngozi inashika unyevu, na fangasi anataka hicho hicho.

Wateja wana mengine pia. "AE-1 inakohoa nikipiga, niitie mafuta ya cherehani?" Hapana, tafadhali! Mlio ule unatoka kwenye gia za kioo, si kwenye shata, na mafuta yakimwagwa ovyo yanasambaa hadi kwenye pazia la kitambaa. Gia zile zinataka tone moja, mahali pake, kwa sindano.

"Imekufa, haipigi." Kwanza badilisha betri. AE-1 bila betri ya volti 6 haifyatui kabisa, lakini Pentax K1000, FM2 na OM-1 zinapiga bila betri. Betri ni ya mita ya mwanga tu. OM-1 ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35. Ukiitia ya 1.5 bila kurekebisha, mita inaona mwanga mwingi kuliko uliopo na picha zinatoka na giza.

"K1000 inamfaa kila anayeanza." Ni kamera nzuri sana, lakini mita yake haina swichi: usipofunika lenzi, betri inaisha begani. FM2 nayo inakudai uvute mkono wa filamu nje kidogo ndipo ipige, na anayechungulia kwa jicho la kushoto unamchoma usoni. Kwa hiyo ukija dukani, usianze na mizani. Iweke kwenye jicho unalolitumia, ufyatue mara kumi.