Maji ya rejeta yanapungua: maneno ya kijiweni na ukweli wake

Kaa kijiwe chochote cha pikipiki Dar es Salaam, kuanzia Mwenge hadi Mbagala Rangi Tatu, useme pikipiki yako inakula maji. Utajibiwa kabla hujamaliza: gasketi imeungua, yaani kizibo kilicho kati ya silinda na hedi yake kimeachia. Kuna siku jibu hilo ni la kweli. Kuna siku linampeleka mtu kufungua silinda hedi, kulipa ufundi na kununua gasketi Kariakoo, halafu wiki inayofuata maji yanapungua vilevile, kwa sababu kilichokufa ni mfuniko wa rejeta.

Tuelewane kwanza ni pikipiki zipi. Boxer BM150 na TVS HLX zinazobeba abiria mjini hazimo. Zinapozwa kwa upepo na hazina maji ya kupungua. Zinazohusika ni kama Pulsar NS200, Dominar 400, Duke, Yamaha R15, pikipiki za safari kama Honda CB500X, na guta za mizigo zenye injini ya maji. Na si kila kitu chenye vipezi mbele ya injini ni rejeta. Kuna pikipiki za upepo zenye kipozeo cha oili kinachofanana nayo, na nimesikia watu wakikitafutia mfuniko wa kutilia maji.

“Kupungua ni kawaida, Dar kuna joto”

Mfumo wa maji wa injini umefungwa. Joto la Februari, hata likifika nyuzi 33, si kitu kwa maji ambayo kazi yake ni kuzunguka yakiwa na nyuzi 80 hadi 100. Yanayoweza kukauka yenyewe ni yale ya kwenye tenki la akiba, kwa kuwa lina tundu la kupumulia, na hayo yanashuka kidogo kidogo kwa miezi. Ukiona unaongeza kila wiki, kuna mahali yanakwenda.

Hata hivyo, usianze kuhangaika kabla ya kusoma kiwango vizuri. Pikipiki ikiegemea stendi ya pembeni, tenki linadanganya. Isimamishe wima, injini iwe baridi, weka alama ya peni kwenye tenki na uangalie tena kesho yake saa zilezile. Na kama maji yamebadilishwa juzi, hewa iliyonaswa ndani itaendelea kutoka kwa safari chache za mwanzo na kiwango kitashuka bila kosa lolote. Pikipiki nyingi hubeba kati ya lita 1 na 2 hivi, kwa hiyo bilauri moja inayopotea si jambo dogo kama ingekuwa gari.

“Tenki la akiba limejaa, kwa hiyo maji yapo”

Hili ndilo linaloua injini za watu makini, wale wanaochungulia tenki kila asubuhi.

Mfuniko wa rejeta una vali mbili. Ya kwanza ina springi kubwa na inashikilia mgandamizo. Pikipiki nyingi mfuniko wake umeandikwa 1.1, yaani bar 1.1. Maji matupu hapa pwani huchemka kwenye nyuzi 100. Yakibanwa kiasi hicho hayachemki hadi karibu nyuzi 120, na yakichanganywa nusu kwa nusu na kulanti, dawa ya kupozea injini, yanakaribia 130. Springi ikilegea au mpira wa ndani ya mfuniko ukipasuka, kinga hiyo inaondoka. Maji yanaanza kuchemka mapema, yanasukumwa kwenye tenki, tenki linajaa na ziada inamwagika barabarani kupitia mpira wake mdogo. Ukifika nyumbani huoni kilichovuja.

Vali ya pili ni ndogo, iko katikati. Injini ikipoa, maji ndani ya rejeta yanasinyaa na kuvuta yale ya kwenye tenki yarudi. Vali hiyo ikikwama, au mpira mdogo wa kwenda tenki ukiwa na ufa unaoingiza hewa, maji yanatoka lakini hayarudi. Tenki linabaki limejaa huku rejeta ikizidi kuwa tupu. Kwa hiyo, asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wenyewe uone maji yamefika shingoni. Injini ikiwa moto usiuguse, hata kwa tambara. Maji yaliyobanwa yakiachiwa ghafla yanageuka mvuke na kukurukia usoni.

Mfuniko mpya ni rahisi kuliko kazi yoyote ya injini, ndiyo maana mimi huanzia hapo. Nunua wenye namba ileile. Wa gari wenye mgandamizo mkubwa zaidi hauongezi nguvu yoyote, unatafuta tu mahali pengine palipo dhaifu pa kupasua.

“Chini hakuna hata tone, basi yanaungua ndani”

Si lazima. Tone likidondokea kwenye bomba la moshi au ubavu wa silinda linakauka kabla ya kufika sakafuni. Linachoacha ni ukoko: mweupe kama maji yalikuwa matupu, wa kijani au waridi kama kulikuwa na kulanti. Ukoko huo ndio wa kufuatilia. Osha injini, ikauke, tembea siku moja, kisha chukua tochi uangalie kwenye klipu za mipira, kwenye viungio vya pembeni ya rejeta, na upande wa rejeta unaoelekea tairi la mbele, maana barabara zetu za vumbi na kokoto zinaipiga hapo. Usiku laza boksi jeupe chini ya injini.

Halafu tafuta wota pampu, ile inayozungusha maji. Chini yake, kwenye pikipiki nyingi, kuna tundu dogo ambalo wengi hudhani ni ufa au kosa la kiwandani. Liliwekwa kwa makusudi. Ndani ya pampu kuna sili mbili: moja inazuia maji, nyingine inazuia oili, na nafasi iliyo kati yao inatokea kwenye tundu hilo. Likitoa maji, sili ya maji imechoka. Likitoa oili, ni sili ya pili. Wapo wanaoliziba kwa gamu ya silikoni na kumkabidhi mwenye pikipiki wakisema imepona. Ukifanya hivyo, maji yaliyokuwa yakitoka nje yanaweza kujipenyeza kwenye oili, na sasa una tatizo la kweli la ndani.

Kama macho hayaoni kitu, mwambie fundi apime kwa pampu ya mgandamizo. Inafungwa mahali pa mfuniko, inajazwa hadi namba ya mfuniko na isizidi hapo, kisha mnangoja dakika kadhaa. Mshale ukishuka, maji yanatoka mahali. Mafundi wa magari wengi wana kifaa hicho. Kwa pikipiki huhitaji tu kipande cha kuunganishia kinachoingia kwenye shingo ndogo.

“Oili imekuwa kama chai ya maziwa, gasketi imekwisha”

Inaweza kuwa. Lakini uliza kwanza pikipiki ilipita wapi. Aliyevuka bonde la Jangwani lililofurika huku injini ikiwa nusu ndani ya maji anaweza kuwa ameingiza maji ya mafuriko kupitia njia za kupumulia, na rejeta yake haina kosa. Anayekwenda dukani na kurudi bila injini kupata moto vizuri anaweza kukuta povu jeupe chini ya mfuniko wa oili tu, na oili yenyewe ikiwa safi. Huo ni unyevu. Na sili za wota pampu nazo zinaweza kuchafua oili kwa namna ileile.

Gasketi ina dalili zake, na ni bora uone mbili au tatu kabla ya kukubali kufungua. Injini ikiwa baridi, jaza rejeta hadi shingoni, acha mfuniko wazi, washa. Mapovu machache ya mwanzo yakiisha ni hewa iliyokuwa imenaswa. Yakiendelea bila kukoma na kuongezeka ukivuta mafuta, gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Zima kabla maji hayajapata moto. Dalili nyingine ni mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu dakika moja au mbili baada ya kuwasha, wakati maji bado ni ya uvuguvugu. Joto halijafika, basi mgandamizo huo umetoka kwenye silinda. Kiwango cha oili kikipanda bila mtu kuongeza, huenda maji yameingia humo. Fungua na plagi: silinda inayopokea maji mara nyingi inaoshwa na mvuke, kwa hiyo plagi na kichwa cha pistoni vinakuwa safi isivyo kawaida. Moshi mweupe wenye harufu tamu unaoendelea hata injini ikiwa moto ni kulanti inayoungua. Moshi wa buluu ni oili, hiyo ni kesi nyingine. Kuna pia kipimo cha kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya shingo ya rejeta: kikigeuka njano, gesi za mwako zimepita humo.

“Toa themostati, huku si Ulaya”

Ushauri maarufu na mbaya. Themostati, vali inayoachia maji yaende kwenye rejeta yakishapata moto, hufunguka kwenye nyuzi 80 hivi, na ikishafunguka yote haizuii chochote, kwa hiyo kuitoa hakukusaidii ukiwa kwenye foleni ya Mandela saa kumi na moja jioni. Ukishika barabara kuu kuelekea Kibaha, injini inapoa kupita kiasi, inakula mafuta na kulika haraka. Kama themostati imekwama ikiwa imefungwa, weka nyingine. Unaweza kuipima kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka uone kama inafunguka.

Kwenye foleni, cha kuangalia ni feni. Katika pikipiki nyingi inatakiwa iwake joto likikaribia au kuvuka kidogo nyuzi 100. Isipowaka, maji yatachemka na kumwagika, nawe utatafuta tundu ambalo halipo. Fyuzi, rilei, soketi iliyoshika kutu ya chumvi ya bahari: anzia hapo.

“Mshale wa joto umeshuka, imepoa, twende”

Kihisi joto kinapima maji yanayokigusa. Maji yakiisha kinabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka wakati chuma kinaungua. Ukiona ulipanda sana kisha ukaanguka ghafla, zima injini hapohapo. Na usiimwagie maji baridi kuipoza. Hedi ya aluminiamu inaweza kupinda au kupasuka.

“Maji ni maji”

Visima vingi vya Dar, hasa vya karibu na pwani, vina chumvi. Chumvi hiyo inakula aluminiamu ya rejeta na ya pampu na kuacha magamba kwenye njia nyembamba. Ya chupa ya kunywa nayo yana madini, ingawa kwa dharura njiani yatakufikisha nyumbani. Ya kuweka ni kulanti iliyokwisha kuchanganywa, au kulanti na maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri. Hakikisha kwenye chupa kwamba ni maji na si asidi, kwa sababu dukani vyote viwili vinaweza kukaa rafu moja.

Rangi haikuambii kitu. Kijani ya kampuni hii na kijani ya kampuni ile zinaweza kuwa na viungo tofauti, na zikichanganywa zinaweza kuganda kama uji. Soma kama inafaa injini za aluminiamu na kama haina silikati, ambayo baadhi ya watengenezaji wa pikipiki huikataa kwa ajili ya sili za pampu. Mabaki usiyaache kwenye beseni: kulanti nyingi zina ethilini glikoli, ni tamu, na ni sumu kwa watoto na wanyama.

“Tia dawa ya kuziba, au ute wa yai”

Ukiwa Chalinze usiku na huna lingine, sawa. Lakini kinachoziba tundu la rejeta hakichagui. Kinaziba na vijia vyembamba vya rejeta yenyewe, na rejeta ya pikipiki haina vya kupoteza.

“Gasketi mpya imewekwa, kazi imeisha”

Iliyoungua kwa sababu injini ilichemka huenda imeacha hedi iliyopinda. Mwombe fundi alaze rula iliyonyooka juu ya uso wa hedi na apitishe vipimo vyembamba chini yake mbele yako, kabla ya kufunga. Ikiwa imepinda, ipelekwe karakana ikasawazishwe, la sivyo gasketi hiyo mpya haitakaa. Boliti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa mpangilio wa mtengenezaji, hatua kwa hatua, si kwa mkono na uzoefu. Kisha hewa itolewe: mbele ya pikipiki painuliwe kidogo, injini ianze baridi huku mfuniko ukiwa wazi, maji yaongezwe hadi mapovu yaishe, ndipo ufungwe. Siku chache za mwanzo angalia rejeta yenyewe kila asubuhi. Ikishuka mara moja au mbili kisha ikatulia, ni hewa. Isipotulia, rudi kwenye tundu la wota pampu na tochi yako.